Mwani Ulinianika

Wasee, leo hakuna video. Leo ni maandishi matupu, na kama ulikuja kuona gapi wakicheza, vumilia kidogo. Hii stori nimeikwepa tangu Agosti. Nimeandika, nikafuta, nikaandika tena, nikaenda kunywa chai. Lakini kuna kijana mmoja wa kidato cha pili kule Mwingi ambaye ananidai ukweli, na nyinyi wengine mnanidai pia, juu mliiangalia ile video.

Ile video ilikuwa ya sekunde 40. Mwanzo unaona tangi langu la samaki, lita 40, limejaa kijani hadi kioo hakionyeshi kitu. Halafu unaona mkono wangu ukimimina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Halafu, mara moja, muziki unapanda, maji ni safi kama ya chupa, gapi sita wanaogelea, na mimi nasema, "Siku moja tu, mwani umeisha." Hiyo ndiyo video yangu iliyotazamwa kuliko zote. Watu waliisambaza hadi kwa magrupu ya WhatsApp ya familia. Nikajiona nimefika.

Sasa, kile hamkuona. Kabla sijamimina dawa, nilikuwa nimewatoa samaki wote nikawaweka kwa ndoo. Nikamwaga maji, nikasugua vioo na mawe kwa hiyo dawa, nikasuuza kama mara tano, nikaacha tangi likauke kutwa nzima, ndipo nikarudisha maji na samaki. Hizo hatua nilizikata wakati wa kuhariri kwa sababu zilikuwa zinaboesha. Nani atakaa kuangalia mtu akisuuza mawe?

Wiki moja baadaye nikapata ujumbe: "Buda, nilifanya vile ulisema. Samaki wangu wote wamekufa. Walikuwa wanane."

Yule kijana alimimina dawa kwa tangi lililo na samaki ndani. Na kwa nini asifanye hivyo? Ndivyo video ilivyoonyesha. Klorini iliyo ndani ya hiyo dawa huchoma matamvua ya samaki, wanashindwa kupumua. Sikumjibu. Nilifuta video, nikazima simu, nikalala saa kumi jioni kama mtu mgonjwa.

Wacha nirudi nyuma kidogo ndio muelewe huyu mtu aliyewapa ushauri ni nani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa shida, lakini nisidanganye tena: hata karo ingepatikana, moyo ulikuwa umeshatoka. Nikarudi nyumbani Kitui mjini, kwa Mama. Mama anauza nguo za mitumba soko la Kalundu. Hakunigombeza siku ile niliporudi. Alisema tu, "Haya, umekuja. Chakula kiko jikoni." Hayo maneno yananiuma mpaka leo kuliko matusi.

Nikaanza kutengeneza video. Nilitaka kitu cha kuweka nyuma yangu nikiongea, kitu cha kuvutia macho, na pesa ya kwanza niliyolipwa na kinyozi mmoja nimtangazie kazi yake nikanunua tangi la mtumba, taa, pampu ndogo ya kuchuja maji, mimea minne na gapi sita. Nikaliweka karibu na dirisha la upande wa magharibi, juu mwanga wa jioni ulikuwa unapendeza kwa kamera. Taa ya tangi niliiwasha asubuhi nikiamka, nikaizima usiku wa manane nikimaliza kuhariri. Juu ya hiyo, nikaongeza ile taa yangu ya duara ya kurekodia. Na samaki niliwalisha kila nikirekodi, kwa sababu gapi akiona chakula anakuja mbele ya kioo na anaonekana vizuri. Kuna siku nilirekodi mara tano.

Unaona pahali hii inaelekea? Mimi sikuona.

Wiki ya tatu kioo kikaanza kuwa na vumbi la kahawia. Hilo ni kawaida kwa tangi jipya, na mara nyingi huisha lenyewe. Halafu likaja vumbi la kijani, halafu nyuzinyuzi kama nywele kwenye majani, halafu maji yenyewe yakageuka rangi ya supu ya mboga. Hicho kitu kwa Kiswahili ni mwani. Najua mtu wa Pwani akisikia mwani anafikiria ule wa baharini, lakini hata huu wa maji baridi ni ndugu yake, mdogo sana, mwingine wa seli moja tu.

Nikaingia YouTube. Wazungu wote walisema kitu kimoja: badilisha maji, nusu ya tangi kila wiki. Nusu ya tangi ni lita 20. Lita 20 ni mtungi mmoja. Na huku kwetu wakati wa kiangazi mtungi si kitu cha kumwaga. Mfereji ukikauka, tunanunua kwa watu wa punda, na bei hupanda kadiri jua linavyokaza. Siku Mama alinikuta nikimwaga mtungi mzima kwa mtaro wa nje, alisimama mlangoni na mkoba wake begani. Akasema, "Mimi nimetoka asubuhi bila kuoga ili maji yatoshe. Wewe unaogesha samaki."

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nikatafuta njia ya mkato. Ndiyo maana dawa ya nguo. Ndiyo maana ile video.

Na sikia, hata kwangu haikufaulu. Zile sekunde 40 ziliishia pahali pazuri tu. Ndani ya tangi kuna bakteria wazuri wanaoishi kwenye mawe na kwenye chujio. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Hao bakteria huigeuza amonia kuwa naitriti, ambayo pia ni sumu, halafu wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia na mimea inaila. Niliposugua kila kitu kwa dawa, niliwaua bakteria wote. Amonia ikapanda. Gapi wangu wawili walikufa wiki hiyo hiyo, na mimi nikiendelea kuhesabu laiki. Wiki tatu baadaye mwani ulirudi, kijani kuliko mwanzo, na mimea yangu nayo ilikuwa imeoza kwa ile dawa iliyobaki.

Agosti Mama akanituma kwa Susu, Makueni, nikamsaidie kuvuna mbaazi. Nadhani alitaka tu nitoke kwa nyumba. Nikapanda matatu hadi Machakos, nikabadilisha ya Wote, halafu boda hadi ndani ndani upande wa Kathonzweni ambako mtandao unapatikana ukisimama juu ya jiwe.

Siku ya pili Susu akanipeleka kuchota maji. Kuna silanga karibu na njia, lile bwawa la udongo ambalo mbuzi na ng'ombe hunywa. Nikalitazama nikacheka kwa uchungu: lilikuwa tangi langu kabisa, ila kubwa. Kijani kizito, povu pembeni, harufu. Tukalipita. Tukateremka hadi mtoni, na mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, mweupe. Kuna ukuta wa zege umekatiza mto pale. Susu akapiga magoti, akafukua mchanga kwa kibuyu kama futi mbili tatu, akangoja. Maji yakaanza kujaa polepole. Safi. Yaani ungeweza kuhesabu chembe za mchanga chini yake.

Nikamuuliza, "Susu, hii mvua si ilikuwa moja? Ile iliyojaza silanga na hii?"

"Ilikuwa moja."

"Mbona yale ni kijani na haya ni safi?"

Akaniangalia kama mtu anayeangalia pesa ya karo iliyopotea. "Yale yanaona jua na yanakunyiwa na ng'ombe. Haya yako gizani na hayana cha kula. Kitu cha kijani kitamea wapi?"

Wasee, nilikaa chini pale mchangani.

Kila mtu Ukambani analijua hili somo, hata kama hajawahi kuona tangi la samaki. Mabwawa ya mchanga yako kila pahali Kitui na Makueni. Shirika la SASOL peke yake limejenga mamia Kitui tangu miaka ya 1990, na wanakijiji ndio waliobeba mawe. Mvua ikinyesha, mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga. Jua haliyafikii, kwa hivyo hayakauki haraka, mbu hawapati pa kutagia, na mwani haumei. Pia ndiyo sababu matangi mengi ya plastiki ya kuwekea maji nyumbani ni meusi. Ndiyo sababu mtungi wa njano ukiuacha na maji nje wiki mbili, ndani unakuwa na utelezi wa kijani. Niliosha hiyo mitungi utoto wangu wote kwa mchanga na vijiwe, nikitikisa, na sikuwahi kujiuliza huo utelezi unatoka wapi.

Mwani unataka vitu viwili hasa: mwanga na chakula. Chakula chake ni naitreti na fosfeti, vitu vilevile vilivyo kwenye mbolea, kwenye kinyesi, na kwenye chakula cha samaki kinachooza. Tangi langu lilikuwa na mwanga masaa 16, jua la dirishani, na milo mitano kwa siku. Halafu nikashangaa mwani umetoka wapi. Nilikuwa naulima.

Niliporudi Kitui nilifanya hivi, na hii mara sijakata kitu.

Kwanza, nilihamisha tangi. Liko sasa kwenye kona ambayo jua haligusi. Kwa kamera halipendezi kama zamani, lakini basi.

Pili, taa. Masaa 6 kwa siku, saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Nilinunua kile kifaa cha kuwasha na kuzima stima chenyewe, juu sijiamini. Mimea ya kawaida inatosheka na masaa 6 hadi 8. Ile taa ya duara haielekezwi kwa tangi tena.

Tatu, chakula. Mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Jumapili hawali. Usiwahurumie, gapi mzima hafi kwa kufunga siku moja.

Nne, yale maji ya supu. Nilifunika tangi lote kwa blanketi siku tatu mfululizo, giza totoro, sikuwalisha, pampu ikiendelea kufanya kazi. Mwani unaoelea majini hauvumilii giza kama mimea inavyovumilia. Siku ya nne nikafungua, nikabadilisha maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kwa sababu mwani uliokufa nao unaoza na kuwa chakula. Usipoutoa, unarudi.

Tano, mkono. Mswaki wa zamani, ile ya nyuzi unaizungusha kama tambi kwenye uma, unaitoa. Jani lililooza unalikata. Hakuna dawa inayoshinda hii kazi.

Sita, mimea mingi zaidi, na ile inayokua haraka. Nilipata Ceratophyllum, ule mmea usio na mizizi unaofanana na mkia wa paka aliyeshtuka. Hata Ziwa Victoria umo. Unakula ile naitreti kabla mwani haujaifikia, na ukijaa sana unaupunguza. Ulikuja na konokono wadogo bila kuwaalika. Niliwaacha, wanakwangua kioo usiku.

Saba, maji. Lita 10 kwa wiki, nusu mtungi, na haziendi mtaroni. Hapa ndipo Mama anaingia. Maji ya tangi la samaki ni mbolea nyepesi, ile naitreti ambayo kwangu ni shida ndiyo sukuma inayoitafuta. Mama ana magunia manne ya sukuma nyuma ya nyumba, ambayo zamani alikuwa akiyamwagilia maji aliyofulia. Nikaanza kumwagilia kwa maji ya samaki. Sikumwambia kitu. Wiki ya nne hivi, Jumamosi, nikakuta ndoo imewekwa kando ya tangi, tupu, imesuuzwa. Akasema bila kuniangalia, "Leo si ni siku ya samaki?" Hatujawahi kuongea zaidi ya hapo kuhusu hilo jambo.

Kitu kingine: maji ya mfereji yana klorini, kwa hivyo nayaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia. Na kama maji yako ni ya kisima cha kuchimbwa, yaonje kwanza. Huku kwetu visima vingine ni vya chumvi, na si kila mmea unavumilia.

Ilichukua wiki sita. Sita, si siku moja. Na mwani haujaisha. Uko nyuma kidogo, kwenye mawe, kijani laini kama zulia. Nimeuacha. Tangi lisilo na mwani hata chembe ni la picha tu. Mwani si uchafu. Sehemu kubwa ya oksijeni tunayopumua inatoka kwa viumbe vidogo vya kijani vya baharini, ndugu zake. Wale flamingo wa Ziwa Bogoria wanapata rangi yao kwa kula viumbe wa aina hiyo. Shida inaanza tukiulisha kupita kiasi.

Na hapa naomba dakika moja niongee kama mtu mzima. Pale Mto Thwake unapoingia Mto Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, linajengwa bwawa kubwa la Thwake. Maji mengi yake ni ya Athi. Athi unapokea maji ya Mto Nairobi, na nyote mnajua Mto Nairobi unapita wapi na unabeba nini. Sasa fikirieni tangi: maji yaliyotulia, jua la Ukambani, na kinyesi cha jiji zima. Ghuba ya Winam kule Kisumu tayari inageuka kijani kwa sababu ya maji taka na mbolea za mashambani, na baadhi ya ule ukijani una sumu inayodhuru ini. Mtu akiniambia dawa itatibu hayo maji baadaye, namkumbuka mtu aliyemimina dawa kwa tangi akapiga video. Usafi wa Thwake unaanzia Nairobi, kwa choo cha mtu ambaye hajui Kathonzweni iko wapi. Ukiishi Nairobi na unasoma hii, ndiyo, wewe.

Na tafadhali, ukichoka na tangi lako, usimwage mimea mtoni. Gugumaji lililoziba Ziwa Victoria tangu karibu mwaka wa 1990 lilianza safari yake duniani kama ua la mapambo la watu kuweka kwenye vidimbwi vyao.

Sawa. Yule kijana.

Nilimwandikia Oktoba. Nilimwambia nilikata sehemu ya kutoa samaki, kwamba kosa ni langu, na kwamba wangu wawili pia walikufa na sikusema. Hakujibu siku nne. Halafu akaandika, "Nilidhani ni mimi nilikosea kupima." Miezi miwili yule mtoto alikuwa akijilaumu yeye. Alikuwa amewanunua wale samaki kwa pesa ya kuuza mayai.

Gapi huzaa kama hawana akili, wanne wangu sasa ni zaidi ya ishirini. Nikamuuliza kama naweza kumtumia wanane. Nikawafunga kwenye chupa kubwa, nusu maji nusu hewa, nikampa kondakta wa matatu ya Mwingi asubuhi na mapema kabla jua halijakaza, nikamlipa kama abiria. Saa nne nikapata picha: chupa iko juu ya meza, wanane wote wako hai.

Nikaandika aya ndefu ya kuomba msamaha tena. Akajibu kwa mstari mmoja.

"Taa niwashe masaa mangapi?"

Sita, nikamwambia. Anza na sita.